Sanduku la Misa juu ya mwamba: kipi ni chombo na kipi ni pambo

Sanduku la Misa linalouzwa kwenye maduka ya vitu vya ibada limetengenezwa kwa ajili ya meza ya chumbani. Mgonjwa yuko kitandani, padre anaweka sanduku juu ya stuli, anatandaza korporale (kitambaa cha kuwekea vyombo vya Misa), mambo yanakwenda. Ila huku Dodoma, na hata ukivuka kwenda Manyoni na Singida, sanduku hilohilo ndilo linalobebwa kwenye Misa za nje: hija za parokia, Njia ya Msalaba inayoishia mlimani, Misa ya kigango (tawi la parokia) ambacho kanisa lake bado liko kwenye msingi. Huko meza ni jiwe, na kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa mashariki unavuma kutwa nzima.

Tathmini hii ni ya sanduku la kawaida, lile lenye ukubwa wa mkoba wa ofisini, bitana nyekundu au ya buluu, na vyombo vilivyobanwa kwenye sponji. Ndani kuna kalisi ndogo (kikombe cha divai), patena (kisahani cha hostia, yaani mkate wa Misa), siboriamu ndogo (chombo cha hostia za waamini), vichupa viwili vya divai na maji, vinara viwili, msalaba wa kusimamisha, korporale, purifikatori (kitambaa cha kufutia kalisi), na mara nyingi stola nyembamba, ule ukanda ambao padre huvaa shingoni. Bei hatuiweki kwa sababu inapanda na kushuka na dola. Kwa Misa ya jumuiya sebuleni, nunua bila wasiwasi. Kwa Misa ya mwambani, karibu nusu ya vilivyomo utaviacha sakristia, chumba cha kutunzia vitu vya ibada.

Kipimo tulichotumia tumekichukua kwa Wakatoliki wa Ayalandi wa karne ya 17 na 18, ambao Misa yao ilihamia nje kwa kukosa pa kwenda. Baada ya majeshi ya Oliver Cromwell kutoka Uingereza kuingia mwaka 1649 mapadre waliwindwa, na baadaye zikaja zile zilizoitwa Sheria za Adhabu, za kuwabana Wakatoliki. Ya mwaka 1697 iliwafukuza nchini maaskofu na mapadre wa mashirika ya kitawa. Ya mwaka 1704 iliruhusu padre mmoja aliyejiandikisha kwa kila parokia. Na kwa kuwa askofu wa kutoa daraja la upadre hakutakiwa kuwepo, hesabu ya watawala ilikuwa kwamba hao wakishakufa, mambo yamekwisha. Mwaka 1709 ikatangazwa zawadi ya pauni 50 kwa atakayesababisha askofu akamatwe, na pauni 20 kwa padre asiyejiandikisha. Ndipo watu wakakutana mabondeni kwenye jiwe bapa, mara nyingine limechongwa msalaba mdogo, mara nyingine limebebwa kutoka kwenye magofu ya kanisa, huku walinzi wakiwa wamewekwa juu kutazama njia.

Simulizi za padre kuuawa akiwa altareni zimeenea sana kule, na nyingi zinaishi midomoni mwa wenyeji kuliko kwenye nyaraka. Tena si kila jiwe lilitumika kwa kujificha. Sehemu nyingine kanisa lilikuwa limebomolewa au kunyang'anywa, na fedha ya kujenga jingine hakuna. Hali hiyo kigango chochote cha Bahi au Chamwino kinaifahamu. Na vyombo vyao vilivyobaki vinaonyesha watu waliojua Misa ya nje inataka nini: vitu vichache, vinavyofunguka, visivyo na ncha ya kuvunjika, na uzito mahali pake.

Kalisi

Kalisi ndiyo sababu ya kununua sanduku, na ndipo viwanda vinapobana matumizi. Ya sandukuni ina urefu wa sm 10 hadi 12 na inafunguka kwa skrubu. Kalisi nyingi za Ayalandi za zama zile nazo zilifunguka vipande vitatu, kikombe, shina na kitako, ili zifichwe kirahisi. Wao walifungua ili kuficha. Kiwanda kinafungua ili sanduku liwe jembamba, na katika kupunguza huko kitako nacho kimepunguzwa. Kitako cha sm 6 kinakaa vizuri kwenye meza ya mbao, lakini juu ya jiwe lenye chembechembe kinakaa kwa pointi tatu, na ukingo wa kasula (vazi la juu la padre) ukikigusa kimelala.

Dukani usione aibu kufanya haya. Fungua skrubu na uhesabu mizunguko: chini ya minne ni kidogo, italegea kwenye barabara ya vumbi kabla hujafika Mvumi. Angalia sakafu ya kikombe kwa ndani; iwe imeziba yote, skrubu isitoboe. Omba maji, jaza nusu, subiri dakika kumi, kisha fungua na upanguse uzi wa skrubu kwa tishu nyeupe. Tishu ikilowa, rudisha, kwa maana Damu ya Kristo haiwezi kuachwa iingie mahali ambapo purifikatori haifiki. Halafu isimamishe na uisukume ukingoni kwa kidole kimoja. Ikiegemea kirahisi, huko juu itaanguka.

Dhahabu ya ndani ndiyo ya kukagua kuliko ya nje. Maelekezo ya Misale ya Roma (kitabu cha sala za Misa) yanataka chombo cha metali inayoshika kutu kipakwe dhahabu kwa ndani. Chini ya ule mng'ao mara nyingi kuna shaba nyeupe au ya njano, na tindikali ya divai ikiifikia inatoa ukijani. Kinachochuna dhahabu haraka kwetu ni vumbi. Purifikatori iliyokaa wazi nusu saa kwenye upepo imeshakuwa msasa laini. Kwa hiyo padre akimaliza kutakasa, kalisi isuuzwe kwanza kwa maji, ndipo ifutwe kwa kitambaa kingine kilichokuwa ndani ya mfuko. Na maji ya visima ya Dodoma yana chumvi, yakikaukia kwenye metali yanaacha madoa meupe. Futa hadi ikauke.

Skrubu ikiwa nzima lakini inalegea njiani, zungushia uzi wake tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili, kuelekea upande wa kukaza. Kazi ya dakika moja, na inafaa tu pale ambapo sakafu ya kikombe imeziba.

Kuna wanaoona afadhali bilauri nzuri ya kioo au kikombe cha mfinyanzi kuliko kalisi hafifu. Hapana. Waraka wa Vatikano wa Redemptionis Sacramentum wa mwaka 2004 umekataza waziwazi vioo, udongo wa mfinyanzi na vyote vinavyovunjika kirahisi. Na kwenye mwamba katazo hilo halihitaji maelezo.

Patena, siboriamu na hesabu ya hostia

Patena ya sandukuni ni kisahani bapa, hakifai nje. Hostia ya padre ni nyepesi, upepo ukipita chini yake inaruka. Tumia patena yenye kina, umbo la kibakuli, ukingo wa sm 2 angalau. Siboriamu ya sandukuni inachukua hostia ndogo 50 hivi, na Misa ya kanda inaleta watu mia tatu na kuendelea. Beba siboriamu kubwa ya parokia yenye kifuniko kinachobana. Cha kukalia tu kitapeperuka. Kabla ya kuondoka hesabu hostia kwa mafungu ya kumi kumi kwenye karatasi safi, uongeze kidogo, maana huko nje hakuna tabernakulo (kisanduku cha kutunzia Ekaristi kanisani) ya kukuokoa zikipungua. Zikibaki, lazima ziwe na mahali pa heshima pa kurudia siku hiyohiyo, kwa hiyo usizidishe kwa pupa.

Komunyo mkononi kwenye upepo inataka tahadhari. Wagawaji wasimame wameupa upepo mgongo, na mtumishi wa altare mwenye patena ya Komunyo awe upande ambao upepo unaelekea.

Vitambaa

Hapa sanduku limeshindwa kabisa. Korporale ni nyembamba kama leso na haina cha kuizuia, palla (kifuniko cha kalisi) ni kadibodi iliyovishwa kitambaa, na kitambaa cha altare mara nyingi hakimo. Kumbe nje ya mahali patakatifu sheria haidai altare iliyowekwa wakfu. Kanuni ya 932 ya Sheria za Kanisa inaridhika na meza inayofaa, ilimradi pawe na kitambaa na korporale. Ukikosa kitambaa, umekosa kitu chenyewe kinacholifanya jiwe kuwa meza ya Misa.

Mpe fundi cherehani kazi hii. Pamba nzito nyeupe au kitani, upana sm 90, urefu m 2. Pindo la chini liwe pana sm 4, na kila kona iachwe kimfuko kinachofungwa kwa kifungo. Ndani ya kila kimfuko tia washa za chuma za fundi gereji (visahani vyenye tundu), zile pana, sita hadi nane, zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa zisigongane. Washa zitolewe kabla ya kufua, la sivyo kutu itatia madoa ya kahawia yasiyotoka. Mawe yaliyookotwa papo hapo yanaonekana rahisi, lakini yanachafua, na mtumishi mmoja akiligusa jiwe moja, kitambaa chote kinainuka na kila kilicho juu yake.

Palla itengenezwe upya kwa plaiwudi ya mm 3, mraba wa sm 15, kona zimepigwa msasa, imevishwa kitani kinachovuliwa na kufuliwa. Inatulia juu ya kalisi hata upepo ukipiga, na inazuia nzi, jambo ambalo karibu na mifugo si dogo.

Misale nayo. Kurasa zinapeperuka katikati ya Sala ya Ekaristi, padre anatafuta mstari. Vibanio viwili vya nguo, kimoja kila upande, vinatosha. Vya mbao, kwa sababu vya plastiki vilivyochomwa na jua vinakatika. Bendi ya mpira inakata karatasi, achana nayo.

Mishumaa

Vinara vya sandukuni vina urefu wa kidole na mishumaa yake ni ya keki ya sherehe. Rubriki (maelekezo ya ibada) inataka angalau mishumaa miwili inayowaka, na kuwaka ndiyo shida yenyewe. Vioo vya taa ya chemli vinafanya kazi vizuri kuliko vifuniko vya mapambo vinavyouzwa dukani, mradi kioo kisikae kimeziba chini. Kikikosa hewa, moto unajizima wenyewe na watu wanausingizia upepo. Weka kioo juu ya vijiwe vitatu vidogo au waya uliokunjwa, pengo la unene wa kidole. Mshumaa uwe mfupi kuliko kioo kwa sm 5.

Nta ya viwandani inalegea kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, inafika imepinda kama mkia. Nta ya nyuki inavumilia zaidi, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na kanda yetu haina haja ya kuiagiza mbali: Manyoni, Itigi na Singida ni nchi ya asali. Ukinunua nta ghafi, iyeyushe ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye maji ya moto, ichuje kwa kitambaa mara mbili, kisha ndipo umimine. Nta yenye takataka inatoa masizi na utambi unazimika kila mara.

Msalaba

Ule wa sandukuni una mikono mirefu na kitako chepesi. Unavunjika kwenye kiungo cha mkono, mara nyingi katika safari ya kwanza. Misalaba midogo ya mbao ya Ayalandi ya zama zile, iliyochongwa kutoka kipande kimoja, ina mikono mifupi sana. Wengi husema ilikuwa hivyo ili iingie kwenye mkono wa joho. Wengine wanaona ni kumbukumbu tu za mahujaji wa Lough Derg, ziwa la hija huko Ayalandi. Vyovyote iwavyo, mikono mifupi haivunjiki sandukuni. Fundi seremala anaweza kuchonga mmoja wa mpingo wenye urefu wa sm 25, na uzito wa mpingo unausaidia kusimama.

Divai

Vichupa vya sandukuni ni vya kioo na vifuniko vya skrubu. Vinafaa, badilisha tu mpira wa kifuniko ukianza kukauka. Tatizo liko kwenye kinachotiwa ndani. Kanuni ya 924 inataka divai ya asili ya zabibu, isiyoharibika. Dodoma ni nchi ya mizabibu na kwa hiyo kishawishi cha kununua chupa yoyote ya karibu ni kikubwa, lakini divai tamu za madukani nyingine zimeongezwa sukari au pombe. Tumia ile iliyoidhinishwa na jimbo kwa ajili ya Misa. Chupa ikishafunguliwa na kukaa kwenye joto inageuka siki, na siki si divai tena. Haifai kwa sakramenti hata padre angefanya kila kitu sawasawa. Onja asubuhi ya safari, na ubebe kwa kisanduku cha barafu au umezungushia kitambaa kibichi.

Jiwe lenyewe

Sanduku halikuuzii jiwe, lakini ukikosea jiwe, hakuna chombo kitakachokusaidia. Miamba ya huku ni matale (graniti), na matale yanabambuka: joto la mchana na baridi ya usiku vinalitenga tabaka la juu kama ganda. Gonga kwa jiwe dogo. Mlio mkali maana yake mwamba umeshikamana, mlio wa kitu kitupu maana yake ganda, na ganda likikanyagwa na padre, mashemasi na watumishi linaweza kuteleza. Uso wa juu uwe na m 1 kwa sm 60 iliyo tambarare, kimo kati ya sm 90 na m 1. Mwamba wa kimo hicho ni nadra, kwa hiyo wengi hutafuta jiwe la chini na kuinamia. Afadhali meza ya mbao iliyoegemezwa kwenye mwamba kuliko padre aliyejikunja saa nzima.

Kisha upepo na jua vinashindana. Upepo wa kiangazi unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo mahali pa altare pana utulivu upande wa magharibi wa mwamba mkubwa, padre akiupa mwamba mgongo. Waamini basi wanatazama mashariki. Misa ikiwa saa 1 asubuhi jua linawapiga machoni wote walio nje ya kivuli cha mwamba. Ikiwa saa 4 jua limeshapanda na mpangilio huo unakwenda vizuri. Wapangaji wengi wanachagua saa 1 kwa sababu ya joto kisha wanashangaa kwa nini watu wamejifunika khanga usoni. Kama ni lazima iwe mapema, geuza altare, kubali upepo, na tegemea zile washa za kitambaa.

Kabla ya siku yenyewe, mtu apande kukagua nyufa. Nyuki hupenda nyufa za matale, na moshi wa ubani pamoja na ngoma za kwaya vinatosha kuwatoa. Ukiona wanaingia na kutoka kwenye ufa mmoja, hamisha Misa. Usichome wala usinyunyize dawa asubuhi ya ibada ukadhani yamekwisha. Chetezo kiwe na mtu wa kukiangalia yeye tu, na mahali pa kukitundika palipofyekwa majani mita mbili kila upande. Makaa ya ubani yakidondoka kwenye majani makavu ya Septemba, mlima mzima unawaka.

Kwa walioko Kondoa: mapango na vibamba vyenye michoro ya kale, Kolo na kwingineko, si mahali pa kuweka altare hata kama jiwe limekaa kama limechongwa kwa kazi hiyo. Eneo hilo liko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, masizi ya mishumaa na ubani yanaganda juu ya michoro na hayatoki. Wapo pia wenyeji wanaoendelea kufanya matambiko yao pale.

Masanduku ya mitumba

Mara chache yanaingia masanduku ya zamani kutoka Ulaya, mengi yakiwa na kalisi nzito kuliko za sasa. Kwa ubora wa chuma, hayo ndiyo ya kununua ukiyapata. Ila tazama kama ndani kuna kibamba cha jiwe cha mraba, sm 15 hadi 25, chenye misalaba mitano midogo na kiraka kilichozibwa katikati. Hilo ni jiwe la altare, lililotakiwa kwa Misa ya nje kabla ya mabadiliko ya baada ya Mtaguso wa Vatikano wa Pili, na chini ya kile kiraka yamo masalia ya watakatifu, yaani mabaki ya miili yao. Usilibandue kuona kilichomo, wala usilipangie bei: kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuuza masalia matakatifu. Lipelekwe kwa Baba Paroko, naye atalifikisha ofisi ya jimbo. Kinacholipiwa dukani kiwe ni sanduku na vyombo vyake tu, na muuzaji aandike hivyo kwenye risiti.